Mlango Wangu Ulioko Gihosha

Mlango ule niliupigania bei hadi fundi akaniomba niende nikanunue kwa mshindani wake. Ulikuwa wa libuyu, ile mbao nyekundu nzito inayovuka ziwa kutoka Kongo. Kila nilipopita karakana yake niliugonga kwa kidole, nikasikiliza kama daktari, nikasema bado mbichi. Haukuwa mbichi. Yeye alijua na mimi nilijua, na hivyo ndivyo tulivyokuwa tukijuliana hali. Kilichonisaidia mwishoni ni kosa lake mwenyewe: alikuwa ametoboa tundu la kitasa mahali pasipo pake, akaliziba kwa kipande cha mbao nyeupe, akatoboa jingine chini yake. Kiraka kile kilionekana kama jino la bandia. Nilikigusa, nikatikisa kichwa kwa huzuni nyingi, na bei ikashuka.

Tuliupeleka mtaa wa Kinama, kwenye nyumba tuliyoijenga kidogo kidogo, mume wangu akiendesha lori la tajiri mmoja na mimi nikiuza vitenge soko kuu. Kabla ya hapo tulikuwa tunafunga nyumba kwa kipande cha bati na waya. Siku mlango ulipowekwa niliufungua na kuufunga mara mbili, maana mimi kila kitu nakihakikisha mara mbili, hata chenji ya sadaka. Mume wangu alisema sasa na sisi tumekuwa watu.

Halafu vita ikafika Kinama. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo amesimuliwa vya kutosha. Tulitoka asubuhi moja na watoto, godoro na sufuria. Mimi nilirudi kufunga mlango. Mume wangu ananiita kutoka barabarani, risasi zinasikika upande wa juu, na mimi nazungusha ufunguo mizunguko miwili, kama mtu anayekwenda kumsalimia dada yake mtaa wa Musaga na kurudi jioni. Baadaye sana mume wangu alipopata njia ya kwenda kuangalia, alikuta kuta. Mabati hayapo, madirisha hayapo, mlango umekwenda na fremu yake. Walioutoa walikuwa watu wenye subira. Hawakuvunja hata tofali.

Wakati ule sikukasirika. Watu hawaniamini nikisema hivyo. Hasira inataka mtu, na mimi sikuwa na mtu. Vita haina kibanda sokoni ambako unaweza kwenda ukasimama mbele yake na mikono kiunoni. Tulipanga chumba mtaa wa Buyenzi, kwa bibi mmoja Mwislamu ambaye ukoo wake uliishi pale tangu mji haujawa mji. Ufunguo niliutia kwenye mfuko wa ndani wa pochi, nikaendelea kuuza vitenge. Kanisani waliponiombea kwa sababu ya hasara yangu nilisema amina, na nilikuwa namaanisha.

Hasira ilinipata miaka michache baadaye, siku ya Alhamisi, mchana, nikiwa na Biblia mkononi.

Kanisa letu la Kipentekoste lilikuwa na kikundi cha maombi cha akina mama, na kila Alhamisi tulikwenda nyumbani kwa mmoja wetu, kwa zamu. Wiki ile zamu ilimwangukia mwenzangu wa kwaya. Tulikuwa tunasimama pamoja kila Jumapili, sauti ya pili, bega kwa bega. Alikuwa mjane, mshonaji, mwenye sauti ya kutegemewa. Mimi nikipotea katikati ya wimbo nilikuwa nasikiliza pumzi yake, narudi njiani. Alikuwa ndiyo kwanza amehamia kwenye nyumba ndogo aliyojijengea Gihosha, kule kilimani, na alikuwa na kila sababu ya kuionea fahari. Tulipanda tukiimba. Nikafika mlangoni, nikaweka mkono niusukume, na mkono ukajua kabla yangu. Nikainamisha macho. Jino la bandia lilikuwa linanitazama.

"Dada, mbona umesimama?" akasema kutoka ndani. "Ingia. Bwana asifiwe."

"Asifiwe," nikasema, nikapita kwenye mlango wangu kama mgeni.

Sikumbuki vizuri tuliombea nini. Kwa kawaida tulianza na amani ya nchi, tukafuatia wagonjwa, tukamalizia na vikwazo tulivyowekewa na nchi jirani viondolewe ili sukari ionekane tena dukani. Wenzangu walifumba macho. Mimi nilihesabu bawaba. Tatu. Nikahesabu tena, bado tatu, zile zile za shaba nilizomlazimisha fundi. Chai ilipokuja niliinywa na kusema asante.

Jioni nilimweleza bibi mwenye nyumba, maana mume wangu alikuwa safarini. Alikuwa amekaa uani na ungo, anapeta mchele.

"Aliuiba?" akauliza.

"Sijui."

"Aliununua?"

"Sijui, bibi."

"Sasa we unakasirikia nini, mbao?"

"Namkasirikia yeye."

"Juu ya nini?"

"Anaufunga kila jioni," nikasema. "Analala vizuri."

Bibi akapuliza makapi. Kwa Kiswahili chao cha Buyenzi ndiyo ni njo, na kwa sababu ni juu. "Eh. Hiyo njo kali. Kukasirikia mutu juu analala."

Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, nilimfuata mchungaji wetu. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, mwembamba, mtu wa koti moja. Sitaficha kwamba nilikwenda nikitegemea anipe upande. Alinipa utaratibu. Bwana mwenyewe ameshaupanga, akasema: ndugu akikukosea, nenda kwake wewe na yeye tu; asiposikia, rudi na wawili; asiposikia tena, ndipo kanisa lijue.

"Na hasira?" nikauliza. "Katika huo utaratibu, hasira naiweka wapi?"

"Mama, kukasirika kwenyewe si dhambi. Hata Bwana alikasirika hekaluni, akapindua meza za wafanyabiashara."

"Najua. Mimi ni mfanyabiashara. Sehemu hiyo huwa naisoma haraka."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Lakini mtume ametuonya tusifike machweo tukiwa bado tunayo. Kwa hiyo uende leo."

"Leo jua linatua saa kumi na mbili, na wanajeshi wanafunga barabara ya Gihosha kabla ya hapo. Nikienda leo nitalala huko huko, nyuma ya mlango wangu."

"Basi Jumatatu."

"Kwa hiyo jua linaruhusiwa kutua na kutua tena."

"Mama," akasema, "usipatane bei na Mungu."

Jumatatu nilifunga kibanda mapema, nikapanda Gihosha. Mwenzangu alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule, na mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilipofika sikutumia hata moja. Nilitoa ufunguo, nikauingiza kwenye tundu la chini, nikazungusha mizunguko miwili. Ulimi wa kitasa ukatoka na sauti yake ile ile. Nikazungusha kinyume, ukarudi ndani.

Miguu yake ikasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Huo ufunguo umetoa wapi?"

"Kinama."

Aliokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni.

"Mi nilinunua," akasema. "Ku barabara, kwa watu walikuwa na mkokoteni. Mchana, watu wote wanaona. Sikuiba, dada."

"Sikusema umeiba."

"Na sikuuliza umetoka wapi, juu mwaka ule hakuna mutu aliuliza. We uliuliza? Godoro mnalalia, mulitoa wapi?"

"Godoro tulikimbia nalo."

"Bon, sawa. Na kabati?"

Kabati nililiacha lipite. "Nataka useme tu," nikasema, "kwamba mlango huu ni wangu."

"Unataka kuung'oa?"

"Sijasema kuung'oa."

"Unataka nikulipe franga?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini?"

"Useme."

Alinitazama. Hakuwa na uso wa mwizi wala wa mwongo. Alikuwa na uso wa mtu anayejumlisha.

"Nikisema ni wako," akasema polepole, "kesho atakuja mwenye mabati. Kesho kutwa, mwenye dirisha. Mi nina watoto humu ndani, dada. Nikianza kumwambia kila mutu nyumba ni yake, mi nitabaki na nini? Na sakafu?"

Nikashuka kilima nikiwa nimekasirika kuliko nilivyopanda, na sababu ni kwamba alikuwa na hoja. Kumkasirikia mwongo ni kazi nyepesi, unaifanya huku unakunja vitenge. Kumkasirikia mtu mwenye hoja kunachosha. Tena kulikuwa na jambo jingine lililonichoma: tangu nianze biashara sijawahi kusimama mbele ya kitu nikaulizwa ninataka nini nikashindwa kutaja. Mlango wenyewe ningeuweka wapi? Chumba cha bibi kilikuwa na mlango wake wa chuma, unaolia kila ukifunguliwa kama kwamba anayeingia ameukanyaga. Nilichotaka kilikuwa maneno, na maneno hayana mzani.

Hatua ya pili ilikuwa mashahidi. Nilichukua wenzetu wawili wa kwaya, wanawake wazima, wenye heshima zao. Mwenzangu aliwapikia ndizi na maharagwe. Walikula, wakasifu nyumba, wakasema amani ni kitu kizuri, wakaomba kwa zamu. Hakuna aliyegusa habari ya mlango isipokuwa wakati wa kutoka, walipoufunga nyuma yao. Tukishuka, mmoja akanishika mkono kwa upendo wa kweli.

"Lakini, dada, ulichagua vizuri," akasema. "Mlango kama ule siku hizi huupati."

Ikabaki kanisa lenyewe. Kwetu kabla ya Meza ya Bwana kuna siku ya kupatana. Inafanyika Jumamosi, wiki nzima kabla ya Meza, ili mwenye jambo apate nafasi ya kulimaliza. Watu wote wanasimama ukumbini, kila mmoja anawaendea wale anaohisi wana kitu naye, anashika mikono yao na kusema: kama kuna mahali nilikukosea, unisamehe. Anayeambiwa anajibu: nimekusamehe, na wewe unisamehe. Wanakumbatiana, wanahamia kwa mwingine. Kwa miaka niliipenda siku ile. Ilikwenda haraka kama soko la asubuhi. Ukumbi mzima unamaliza madeni yake, halafu tunaimba.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga kumwendea mwenzangu mbele ya mchungaji na kusema yangu. Sikuwahi. Aliniwahi yeye. Alikuja moja kwa moja, mbele ya sauti ya pili yote, akashika mikono yangu miwili.

"Dada," akasema kwa ile sauti yake ya kutegemewa, "kama kuna mahali nilikukosea, unisamehe."

Nimepatana bei na Wakongo, na wanawake wa Buyenzi, na maafisa wa forodha, na sijawahi kuona mtu akiniweka kona namna ile. Alikuwa ameomba kila kitu na hakuonyesha bidhaa. Nikijibu jibu la kawaida, jambo limekwisha na mlango haujatajwa. Nisipojibu, mbaya ni mimi. Kwaya yote ilikuwa inasubiri.

"Ondoa kama," nikasema.

"Nini?"

"Hiyo kama. Iondoe, halafu urudie."

"Dada, maneno ni hayo. Watu wote wanasema hayo."

"Kwa wengine yanatosha."

Mzee mmoja wa kanisa akasogea. "Mama, mtu amekuomba msamaha. Mjibu."

"Ameniuliza swali, mzee. Jibu lake analo nyumbani, limeshikwa na bawaba tatu."

Mtu mmoja wa sauti ya nne alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Wazee walikaa dakika chache pembeni. Nikaambiwa nikae nje ya kwaya, na nje ya Meza, hadi moyo wangu utulie. Mwenzangu akabaki kwenye mstari wake. Alikuwa amefuata utaratibu, na mimi ndiye niliyeukataa.

Wiki ile hasira ilihamia kwangu na vyombo vyake. Nikifungua kibanda, imeshafika. Nilipima kitenge, nikasahau nimepima, nikapima tena, na mara hii haikuwa kwa sababu ya uangalifu. Kichwani nilikuwa naongea na yule mwanamke mchana kutwa. Nilimshinda kila mara, na kila nilipomshinda alipata jibu jipya zuri kuliko la kwanza, kwa hiyo ilibidi nianze upya. Mteja mmoja aliuliza kama rangi inachuja, nikamwambia aulize nguo yake. Mume wangu alirudi safari, akasikiliza yote, akasema mlango ni mlango tu. Nikamhudumia chakula bila kumsemesha. Bibi mwenye nyumba alipita mlangoni, akamwona anakula kimya na mimi nimegeukia ukuta.

"Nyinyi kwenu kusamehe kuna zamu?" akauliza. "Na yeye mumemuweka ku foleni?"

Katikati ya wiki mchungaji akaja sokoni. Aliketi juu ya robota la vitenge, akafuta jasho. Nilidhani amekuja kunihubiria na nilikuwa tayari.

"Mimi pia nina ya kwangu," akasema. "Waliotuvamia nyumbani wakati wa vita, wengine nawaona humu mjini. Mmoja huwa ananisalimia."

Nikaacha kukunja. "Na wewe unafanyaje?"

"Namwitikia. Halafu nikikata kona nasimama, namwambia Mungu yote, kwa maneno ambayo siwezi kuyasema mimbarani. Yote. Halafu naenda ninakokwenda."

"Inaisha?"

"Inaisha mpaka kesho."

"Mchungaji, hiyo si dawa."

"Sikusema ni dawa. Ni kama kufagia uwanja. Vumbi litarudi, lakini utakuwa umefagia." Akasimama, akajipangusa. "Wewe unasubiri aseme neno lake ndipo ushike ufagio. Asiposema je?"

Nikamtolea kitenge amwangalizie mkewe. Hakununua. Alipokwenda nilijaribu njia yake. Nilijificha nyuma ya marobota, nikamwambia Mungu kwa sauti ya chini nilichokuwa nacho: kwamba nyumba yangu haina paa na yeye aliona, kwamba yule anaufunga mlango wangu akalala, kwamba niliimba kwa uaminifu miaka yote na sasa nimekalishwa mimi. Nilisema na mengine. Jirani wa kibanda cha pili akauliza naongea na nani, nikasema na msambazaji. Sikujisikia mtakatifu. Ila jioni nilimuuliza mume wangu habari za safari, naye akaangalia nyuma yake kuona naongea na nani.

Jumapili ya Meza nilikaa benchi la nyuma kabisa, na wageni. Kutoka pale niliiona kwaya kama watu wengine wanavyoiona, na ilikuwa na pengo mahali pangu. Sahani ya mkate ikaanza kupita. Ilipofika kwangu niliipitisha bila kugusa. Aibu yake niliijua tangu nyumbani. Sahani ikaenda mbele, ikafika kwenye kwaya, ikafika kwa mwenzangu. Akaishika. Akakaa nayo. Halafu akaipitisha, mkono wake mtupu. Kikombe pia hivyo hivyo.

Wazo langu la kwanza, naliandika kama lilivyokuja, lilikuwa: sasa anataka kunishinda hata katika hili.

Nilimngoja nje, upande wa ukuta wenye kivuli. Alitoka wa mwisho, kitambaa cha kwaya mkononi.

"Mbona hukula?" nikamuuliza. "Wewe ulikuwa na ruhusa."

"Mkate ulifika mu mukono, nikasikia sauti yako. Ondoa kama. Karibu nikutukane mbele ya Meza."

"Ungenitukana tu."

"Nimekutukana wiki muzima, dada. Nikishona, nakutukana." Akakunja kitambaa mara nyingi hadi kikawa kidogo kama kadi. "Sikiliza. Siku ile nanunua, nilikiona kile kiraka. Nikasema, mwenye mlango huu aliuchagua, na alikuwa mukali wa bei, hakuna mutu anakubali kiraka bila kupunguziwa. Nikakujua bila kukujua. Halafu nikasema, pengine amekufa. Ilikuwa nyepesi ukiwa umekufa. Nikawa naufunga vizuri." Akanitazama. "Sasa we ukaja mzima, na ufunguo."

Akakikunjua kitambaa, akakikunja tena.

"Mlango ni wako. Nilijua ni wa mutu nikanunua, na nilijua ni wako nikakataa kusema. Unisamehe."

Niliyapitia maneno yake kichwani, nikatafuta ile kama. Haikuwepo. Nikayapitia tena.

"Nimekusamehe," nikasema. "Na wewe unisamehe yale ya ukumbini. Yale ya bawaba."

"Yale yalikuwa ya kuchekesha," akasema. "Ndiyo maana yaliniuma."

Nilitegemea kitu kiruke kutoka kifuani, kama wanavyoshuhudia wengine. Kilichokuja ni njaa. Nilimuuliza kama akija mwenye mabati atamwambia nini. Akasema atamwambia aje na ngazi. Akaniuliza lini nitakuja kuung'oa mlango, nikamwambia ukae, sina ukuta wa kuuweka. Tuliyasema haya tukiharakisha kurudi ndani, kwa sababu sote wawili tulipata wazo lile lile kwa wakati mmoja.

Shemasi alikuwa anakunja kitambaa cha Meza. Vikombe vilikuwa ndani ya karai.

"Tumepatana," nikasema. "Tupeni."

"Meza imefungwa, mama."

Nikamgeukia mchungaji. "Mkate uko pale. Nauona."

"Itarudi baada ya miezi mitatu."

"Miezi mitatu? Mchungaji, nani anaweza kukaa amepatana miezi mitatu?"

"Ndiyo kazi yenyewe," akasema, akavua koti lake akalikunja juu ya mkono. "Meza si duka."

Nikarudi kwenye kwaya. Tukaimba bega kwa bega, na kweli kuna Jumapili nilisahau habari yote, na kuna Jumapili iliamka bila sababu katikati ya ubeti, nikafagia kama nilivyofundishwa, nikaendelea na ubeti. Nilianza kujiona nimehitimu. Halafu zamu ya Alhamisi ikarudi Gihosha.

Niliuona kutoka chini ya njia. Mlango ulikuwa wa buluu. Si buluu ya upole. Ile rangi ya mafuta wanayopaka mageti na mitumbwi, inayong'aa. Libuyu yangu nyekundu, niliyoisubiri, niliyoigonga kwa kidole, imevikwa buluu toka juu hadi chini, na kiraka kimemezwa. Nikasimama. Hasira yote ikarudi, nzima, na vyombo vyake.

Mwenzangu akatoka akitabasamu, vidole bado vina madoa. "Umeona? Nimepaka juu yako. Nikasema, dada akija asikione tena kile kiraka kikamuumiza."

Wenzetu walikuwa nyuma yangu, wanapumua kwa ajili ya kilima. Nilijua kabisa ninachoweza kufanya. Ningeweza kusema asante, nikaingia, nikaomba, nikashuka na kitu kile hadi Buyenzi, nikakilisha hadi kinenepe.

"Dada," nikasema, "nimekasirika."

"Tena?"

"Tena. Libuyu haipakwi rangi."

"Lakini mi nilipaka kwa upendo."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia hapa hapa, sijaingia."

Tabasamu likaondoka, na mikono yake ikaenda kiunoni. "Unajua nilitafuta kopo lile wapi, na hivi vikwazo? Unajua waliniuzia ngapi?"

"Ngapi?"

Akataja.

"Walikuibia," nikasema. "Mchana, watu wote wanaona."

Alinikazia macho, na nilidhani tunarudi mwanzo kabisa, ukumbini, kwenye ile kama. Halafu akafyonza, ile ya mtu aliyechoka.

"Mi nimekasirika pia," akasema. "Uandike hiyo nayo."

"Sawa. Tuingie tuombe?"

"Tuombe kwanza nini? Sisi njo wakorofi hapa."

Tuliombewa siku ile, sisi wawili, kabla ya amani ya nchi na kabla ya sukari. Jumatatu nilipanda na karatasi za msasa nilizozipata kwa bei ambayo sikumtajia ili asiumie. Tulisugua upande wa nje, yeye juu na mimi chini, tukigombana kwa zamu, mara yeye amechoka mapema, mara mimi nasugua kinyume cha mbao. Buluu iling'ang'ania kwenye mistari ya mti na haikutoka yote. Upande wa ndani alinikataza nisiuguse. Ndani anautazama yeye, akasema, na yeye anapenda buluu. Tukaacha hivyo, na nikateremka kabla wanajeshi hawajafunga barabara.

Meza ilipofika tulikula wote wawili. Asubuhi ile nilikuwa nimemkasirikia tena, kwa sababu ya namna alivyoanzisha wimbo kwenye mazoezi, akaupandisha mno. Tulilimaliza kwenye ngazi za kanisa, kabla ya kuingia, kwa sauti iliyowafanya wageni wasogee pembeni. Bado nadhani aliupandisha mno.